Tenki la Nyuki

Asubuhi ya mashindano, Mama Nyuki alianika godoro.

Alilitoa chumba cha nyuma, akalibeba kichwani kama mtu anayehama, akaliegemeza kwenye ukuta unaopata jua la mapema, akalicharaza kwa mpini wa ufagio mpaka vumbi likaisha. Halafu akasimama mbele yake, mikono kiunoni, akalitazama kana kwamba amelikuta hapo na hajui limefikaje.

Mdogo wake wa kiume alikuja kumpitia waende kazini. Nyuki alikuwa akimwita Mjomba tangu utotoni, na uwanja mzima wa mashindano ukaliokota jina hilo, hata wazee waliomzidi umri nao wakawa wanamwita Mjomba. Alitazama godoro, akamtazama dada yake, akalitazama tena godoro.

"Kuna mgeni?"

"Kuna kunguni."

"Kwenye chumba asicholala mtu?"

"Ndiyo maana wamekuwa wakali. Twende, tunachelewa."

Hawakuwa wamechelewa, na Mjomba alijua. Njia nzima alikuwa akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule ambao dada yake hakuweza kuuona.

Nyuki alikuwa binti wa mama huyu, mtoto wake wa pekee. Jina hilo alilipata siku ya kwanza alipokalishwa kwenye kigari cha mashindano, vile vigari vya chini vinavyomfanya dereva aonekane amekalia sinia, magoti juu, injini ikimvumia mgongoni. Alizunguka akivuma kutwa nzima na hakutaka kushuka. Muda si mrefu hakuna aliyekumbuka jina lake la kuzaliwa, na mama yake naye akapoteza la kwake. Sasa Nyuki alikuwa amehama, anaendesha kwa timu kubwa ya mji wa mbali, lakini jina halikuhama naye. Lilibaki pale pale uwanjani, likiitwa kutwa: Mama Nyuki njoo, Mama Nyuki hebu tazama hapa. Kila aliyemwita alikuwa akimtonesha bila kujua.

Leo timu ya Nyuki ilikuwa inakuja. Na Mama Nyuki alitaka kitu kimoja tu: mtoto alale nyumbani. Usiku mmoja. Alale kwenye lile godoro, aamke nywele timutimu, akae jikoni na kikombe cha chai akilalamika kwamba ni ya moto, aache taulo bichi juu ya kitanda, agombezwe. Basi. Msimu uliopita walikuja, wakashindana, wakapakia, na Mama Nyuki alipokuwa bombani akinawa petroli ili amkumbatie mtoto akiwa safi, lori likala kona. Alibaki na mikono inayonukia sabuni na hana wa kumshika.

Kwa nini asimwambie tu? Huyu ni mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na breki. Alishamwambia daktari kwamba mwandiko wake ndio unaohitaji matibabu. Alishamwambia meneja wa uwanja, mbele ya wageni wake, kwamba hotuba yake ni ndefu kuliko mashindano yenyewe. Lakini kwa binti yake maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya ufundi. Simu zao zilikuwa za matenki. Umebadilisha chujio? Nimebadilisha. Kabureta inakohoa? Haikohoi. Haya. Haya, Mama. Akikata simu alibaki ameishika mkononi, kana kwamba kuna kitu kingine kitatoka ndani yake.

Aliwahi kujaribu. Wiki iliyotangulia alimwuliza, "Mtaondoka saa ngapi?" Nyuki akajibu, "Jioni ile ile, Mama. Lori halisubiri mtu." Mama Nyuki akasema haya, vizuri, akahamia kwenye habari ya klipu za mipira ya petroli. Jibu lile hakutaka kulisikia mara ya pili.

Uwanjani alikuwa mkaguzi wa matenki. Stashahada yake ya ufundi mitambo ilikuwa imetundikwa sebuleni, imepauka kwa jua, na kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: hakuna kigari kilichoingia kwenye mbio kabla yeye hajakipigia magoti. Tenki la kigari hukaa katikati ya miguu ya dereva, chini ya usukani. Likivuja, linamvujia yeye. Kutoka hapo mpira mmoja mwembamba hupeleka petroli kwenye kabureta, na mpira mwingine, ambao mafundi huuita wa pumzi, hulipa tenki hewa na kuishia kwenye kichupa cha kudaka mafuta yanayorukaruka. Mipira hiyo huzeeka. Petroli inaila, jua linaila, na siku moja mpira uliokuwa laini kama ndewe ya sikio unakuwa mgumu kama ukucha. Mama Nyuki aliikunja mmoja mmoja kwa dole gumba na kusikiliza. Ukipita, alitia doa la rangi nyeupe kwenye kifuniko cha tenki. Usipopita, aliukata vipandevipande hapo hapo kwa mkasi, kwa sababu aliwajua madereva: mpira mbovu ukiutupa mzima, kabla hujageuza shingo umesharudi kazini.

"Aa, Mama Nyuki, huo mpya kabisa!" akalia dereva wa kwanza, mtu mnene ambaye uwanja ulimwita Kitambi na ambaye kwa kweli alikuwa hakienei kiti chake.

"Mpya wa lini? Wa babu yako?" Mkasi ukafanya kazi yake. Vipande vikaanguka kwenye kopo.

"Una roho mbaya, mama."

"Na wewe una miguu miwili. Nataka urudi nayo nyumbani jioni. Mwingine!"

Mjomba, ambaye kazi yake ilikuwa kushika bendera, alikuwa amekaa juu ya rundo la matairi akimenya chungwa. "Kitambi, shukuru amekata mpira," akasema. "Mimi dada yangu huyu alinikatia ndevu nikiwa nimelala."

"Zilikuwa chafu," Mama Nyuki akajibu bila kuinua kichwa.

Lori la timu kubwa liliingia jua likiwa limeshapanda. Alilisikia kabla ya kuliona, na hakuligeukia. Alimaliza kigari kilichokuwa mbele yake, akafunga kopo la rangi, akalifungua tena. Aliposimama, Nyuki alikuwa ameshafika, amevaa ovaroli ya timu, helmeti kwapani. Nywele hakuwa nazo. Alikuwa amezikata zote, zimebaki kivuli tu kichwani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nywele ziko wapi?"

Nyuki akajipapasa kichwa. "Nilikata. Zilikuwa zinabanwa na helmeti."

"Lini?"

"Aa, zamani."

Neno hilo dogo lilimwingia Mama Nyuki kama kibanzi. Zamani. Kwenye dirisha la chumba cha nyuma kulikuwa na kitana cha Nyuki, na jana tu alikisugua kwa mswaki, jino kwa jino.

"Umekonda," akasema.

"Sijakonda, Mama."

"Umekonda. Leteni kigari."

Aliyekileta alikuwa fundi wa timu, mwanamume mrefu mpole asiyevua glavu zake za mpira hata akila, na kwa hiyo jina lake lilikuwa Glavu. Alikishusha chini taratibu, akasalimia kwa heshima zote, akasogea pembeni kumpa mama nafasi.

Mama Nyuki akapiga magoti. Mwaka mzima alikuwa hajagusa kitu ambacho mtoto wake hukigusa kila siku. Alifungua kifuniko, akamulika ndani ya tenki kwa tochi. Lilikuwa safi. Hakukuwa na punje ya mchanga wala utando wa oili, kila kona ilikuwa inang'aa. Ungeweza kunywea maji humo.

"Nani anaosha hili?"

"Mimi mwenyewe," akasema Nyuki. "Kila baada ya mbio."

"Safi," Mama Nyuki akasema, tena kwa sauti, mpaka Kitambi akageuka kutazama ni nani huyo aliyesifiwa. Neno hilo halikuwa linatoka ovyo. Matenki yote ya uwanja ule yalipita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kumsikia akiliita safi lililo chafu, wala chafu lililo safi. Watu walimchukia kwa mengi, lakini kwa hilo walimwamini.

Akashika mpira wa petroli. Mpya, laini. Akashika klipu. Zimekaza. Kisha akashika mpira wa pumzi, na mkono ukasimama.

Ulikuwa wa manjano kama jino la mvuta tumbaku. Kigari kipya, tenki jipya, injini mpya, na katikati yake mpira wa kale. Mwisho wake, pale unapovishwa kwenye shingo ya tenki, ulikuwa na alama. Alama za meno. Meno mawili ya mbele, na katikati yake nafasi.

Bila kukusudia, Mama Nyuki aligusa mwanya wake kwa ulimi.

Mpira mpya hubana, hautaki kuvaa. Mafundi wengine huuchovya kwenye maji ya moto kwanza. Yeye hakuwahi kuwa na subira ya kuchemsha maji; aliung'ata mwisho wake, akauvuta, akauzungusha, ukafunguka. Nyuki akiwa mdogo alikuwa akipiga kelele kila mara: "Mama, petroli hiyo! Utakufa!" Naye hutema mate pembeni na kusema, "Nikifa, tenki lako halitavuja." Huu alikuwa ameung'ata yeye, kwenye kigari cha kwanza kabisa, kile cha kuazima. Kigari hicho kilishakuwa chuma chakavu.

"Glavu," akaita polepole. "Huu unafanya nini humu?"

Fundi akainua mikono yote miwili. "Mama, mimi simo. Nimeshautoa, nikaukuta umerudi. Nikautoa tena, ukarudi. Nikaona mpira huu una mwenyewe."

Mama Nyuki akamtazama binti yake. Nyuki alikuwa akikagua kamba za viatu vyake kwa makini sana.

"Unafanya kazi, Mama," akasema chini chini. "Ni wa hewa tu. Haupitishi petroli."

"Kigari kikipinduka unapitisha."

"Sitapinduka."

"Kila aliyepinduka alisema hivyo."

Aliukunja kwa dole gumba. Ukalia, mlio mdogo mkavu, na ufa mwembamba ukajichora juu yake kama unywele. Alitamani asingeusikia. Alitamani Mjomba aanze kelele zake, mtu amwite, mvua inyeshe. Mtoto wake alikuwa amekibeba kipande hiki mji kwa mji, kigari kwa kigari, akakivisha kila mara upya, na katika simu zote zile hakuwahi kukitaja.

"Mama," Nyuki akasema. "Uache tu."

Mama Nyuki alijikaza kisabuni. Akachomoa mpira, akachukua mkasi, akaukata kama alivyoukata wa Kitambi. Vipande vyenye alama za meno vilianguka kwenye kopo pamoja na vingine, na mara moja hukuweza kujua kipi ni kipi.

Nyuki alivaa helmeti yake, ingawa mbio zilikuwa bado. "Sawa, mkaguzi," akasema, akaondoka.

Alisema mkaguzi. Maishani mwake hakuwahi kumwita hivyo.

Glavu alipiga magoti mahali pake akavisha mpira mpya. Hakuwa fundi wa kubahatisha. Mikono yake ilijua inakokwenda. Alifunga waya, akausokota, na badala ya kuuacha mkia wake ukichomoza, akaukunja na kuuficha chini ya mpira usije ukamchana dereva mguu. Hivyo ndivyo Mama Nyuki alivyofunga maisha yake yote.

"Nani alikufundisha kuficha mkia?"

"Huyo huyo mwenye hasira," akasema Glavu. "Nikiuacha nje ananipiga kofi la mkono. Anasema kwao mkia unafichwa."

"Kwao wapi?"

Glavu akamtazama kwa mshangao. "Kwenu, mama. Kwani ana kwao kwingine?"

Mama Nyuki akachovya brashi, akatia doa jeupe kwenye kifuniko. Doa lilitoka kubwa kuliko kawaida, likachuruzika. Alilifuta pembeni kwa kidole.

Mbio alizitazama kutoka nyuma ya matairi, au tuseme alizisikiliza. Vigari vikiwa vingi vinavuma pamoja hadi mtu wa kawaida huona ni kelele moja, lakini yeye alitenga kimoja tu akakifuata kwa masikio kuzunguka njia yote, kikizama nyuma ya banda, kikiibuka kwenye kona ndefu, kikipanda sauti kwenye mnyooko. Hakikukohoa. Hakikupinduka. Hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo kazi ya mpira mzima, kwamba kitu kisitokee, na hajazaliwa bado mtu wa kukupa asante kwa kisichotokea. Nyuki alimaliza wa tatu. Mjomba alimpungia bendera huku akikata viuno, mpaka meneja akamkaripia kwa kipaza sauti.

Baada ya hapo ikaanza ile saa mbaya.

Timu kubwa ilikuwa na utaratibu mzuri, ambao Mama Nyuki mwenyewe angeutunga: hakuna kigari kinachopanda lori kikiwa na petroli tumboni. Kila tenki humwagwa kwanza kwenye dumu. Tenki likishamwagwa, kigari kinasukumwa ubaoni, kinafungwa kamba, dereva anabadilisha nguo, safari. Kwa hiyo Mama Nyuki, akiwa amekaa kwenye benchi lake anasafisha brashi ambayo ilishakuwa safi, hakuwa na haja ya kuuliza chochote. Alikuwa akilitazama dumu tu. Liliwekwa kando ya kigari cha kwanza. Likahamia cha pili. Kigari cha Nyuki kilikuwa cha mwisho kwenye mstari.

Mjomba akaja akaketi, bendera begani.

"Dada, nenda kamwambie."

"Nimwambie nini?"

"Hilo uliloanika asubuhi."

"Ni mtu mzima. Akitaka kulala kwetu ana mdomo, atasema."

"Ana mdomo, ndiyo. Kaurithi kwa nani huo wa kusema mambo kama hayo? Kwako?"

Mama Nyuki akaweka brashi chini. Akainuka. Alipita mabanda, akapita madereva waliokuwa wakicheka na chupa za maji, akafika kwenye lori. Nyuki alikuwa ameinama upande wa pili wa kigari chake, anafuta usukani. Alisimama alipomwona.

"Mama."

"Nyuki." Maneno alikuwa nayo, alikuwa ameyapanga njiani: godoro nimelianika. Mafupi, hayana hata aibu. "Nyuki, njiani kuna joto. Mwambie Glavu alegeze vifuniko kidogo, matenki yasije yakavimba."

Nyuki alingoja. Alimtazama mama yake usoni, kana kwamba sentensi hiyo ilikuwa na nusu nyingine nyuma.

"Sawa, Mama," akasema mwishowe. "Nitamwambia."

Na Mama Nyuki akarudi, akijitukana kimoyomoyo kwa matusi ambayo hakuwahi kumtukania hata Kitambi. Alipoketi, dumu lilikuwa limeshafika kwenye kigari cha mwisho. Glavu akachomoa mpira. Petroli ikateremka, nyembamba, inang'aa kwenye jua la jioni, na Mama Nyuki akaitazama mpaka tone la mwisho. Basi. Safari hii hakwenda bombani. Kama wanaondoka, waondoke anawaona.

Lori likawashwa. Vigari vikapandishwa kimoja kimoja. Mtu akafunga mlango wa nyuma, akapiga bodi kwa kiganja, lori likajongea mbele, likasimama getini.

Na Nyuki akatokea nyuma ya banda akija kwa miguu, begi mgongoni, amekumbatia tenki lake.

Alikuwa amelichomoa kwenye kigari, mipira yake ikining'inia. Akaliweka kwenye meza ya ukaguzi, mbele ya mama yake.

"Tenki chafu," akasema.

Mama Nyuki akalitazama tenki. Akachukua tochi, kwa mazoea tu, akafungua kifuniko chenye doa lake jeupe, akamulika. Aliigeuza tochi kila kona. Lilikuwa safi vile vile kama asubuhi.

"Wapi?"

"Chini kule. Mchanga."

"Sioni mchanga."

"Upo," Nyuki akasema. Sauti yake ilikuwa ya kibabe lakini mikono ilikuwa imeng'ang'ania kamba za begi. "Utazame vizuri."

Mama Nyuki akazima tochi. "Lori halisubiri mtu," akasema polepole.

"Liende. Kesho kuna basi. Kigari anakwenda nacho Glavu, tenki nitalibeba mwenyewe."

"Kwenye basi hawakubali tenki linalonuka petroli."

"Si ndiyo maana linataka kuoshwa?"

Kuosha tenki kila mtu pale alijua kunavyokwenda, kwa sababu ni Mama Nyuki aliyewafundisha wote. Maji ya vuguvugu na sabuni, kutikisa, kusuuza, kusuuza tena. Kisha kulining'iniza mdomo chini, kivulini, likauke lenyewe. Hupulizi, hufuti kwa kitambaa, huharakishi. Tone moja la maji likibaki humo linatosha kumsimamisha dereva katikati ya kona. Tenki likioshwa jioni, hukauka kesho yake.

"Halitakauka leo," Mama Nyuki akasema.

"Najua."

"Mpaka kesho."

"Mama, si nimesema najua?"

Mama Nyuki akainua tenki lile kwa mikono yote miwili. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa yamesimama juu ya neno moja, na neno hilo alikuwa amelitamka asubuhi mbele ya uwanja mzima.

"Chafu," akatangaza. "Chafu sana! Aibu gani hii? Nani anatunza tenki namna hii?"

Kutoka dirishani mwa lori Glavu akatoa kichwa. "Chafu? Mama, si asubuhi ulisema—"

Bendera ya Mjomba ikamfunika uso. "Nendeni salama!" Mjomba akapiga kelele, akigonga mlango wa dereva. "Nendeni, nendeni, giza linaingia!" Giza lilikuwa bado sana. Lori likatoka getini, Glavu akihangaika na kitambaa.

Walitembea hadi nyumbani, mama na binti, tenki katikati, kila mmoja ameshika upande wake ingawa lilikuwa tupu na jepesi, mtoto mdogo angelibeba. Hawakuzungumza mengi. Nyuki aliuliza kama lile duka la kona bado lina mbwa mkali, akaambiwa mbwa amezeeka, sasa anakwaruza mlango tu. Mama Nyuki aliuliza kama kule anakoishi kuna mtu wa kumpikia. Nyuki akacheka. "Unaniuliza swali lisilo na tenki ndani yake, Mama. Unaumwa?"

"Tembea."

Walipofika, Nyuki alisimama mlangoni. Godoro lilikuwa bado limeegemea ukuta.

"Godoro langu linafanya nini nje?"

"Kunguni."

"Toka lini tuna kunguni?"

"Shika upande ule, uliingize. Usiliburuze."

Wakaosha tenki kwenye karo la jikoni, jua likiingia kwa mshazari dirishani. Waliliosha kweli, si mchezo, kwa sabuni na maji ya vuguvugu, wakalitikisa kwa zamu na kulisuuza, na maji yaliyotoka humo yalikuwa meupe tangu mara ya kwanza. Halafu Nyuki akapekua begi, akatoa kipande cha mpira mpya.

"Wa Glavu unabana," akasema. "Kauchovya kwenye maji ya moto, sijui ndiyo nini. Ung'ate."

"Una meno yako."

"Sina mwanya."

Mama Nyuki akaupokea. Akaung'ata mwisho wake, akauvuta, akauzungusha, kisha akageuka pembeni kutema mate, na akakaa amegeuka hivyo kwa muda mrefu kidogo kuliko kutema mate kunavyohitaji. Alipourudisha, Nyuki aliupeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya alama, akautia mfukoni mwa ovaroli na kufunga zipu.

"Ukizeeka nautoa," Mama Nyuki akasema. "Usidhani."

"Najua, mkaguzi." Lakini safari hii alisema akicheka, na begi lake alilipeleka chumba cha nyuma.

Huko ndani akaanza kufungua madirisha. Mama yake alimsikia akikiokota kitana dirishani, kisha akicheka peke yake. Chai ilikuwa imeanza kuchemka. Mama Nyuki alilifunga tenki kwa kamba kwenye msumari juu ya karo, mdomo chini, kama inavyotakiwa. Kesho basi lingeondoka, hilo alilijua, na tenki kavu lingekuwa ndani yake. Maji yakadondoka, yakapunguza kasi, yakabaki tone moja kwenye ukingo. Likavimba, likang'ang'ania.

Katika kazi yake yote hakuwahi kuomba tenki lichelewe kukauka. Alisimama pale, kitambaa begani, akiliangalia tone lile lisidondoke.